Maswali ya Wasomaji: Gemu ya Kulipia Kila Mwezi, Nilipe au Niache?

SWALI: Ndugu Mwandishi, pole na kazi. Mimi ni kijana wa Mwanga, Kigoma mjini, nimeajiriwa katika duka la steshenari na mshahara wangu ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, yuko Dar es Salaam na anacheza World of Warcraft, gemu ya mtandaoni inayochezwa na watu wengi kwa wakati mmoja, pamoja na rafiki zake. Kila tukizungumza ananihimiza nijiunge nao. Ada yake inakaribia dola 15 kila mwezi. Rafiki mwingine ananiambia nichague Final Fantasy XIV, gemu nyingine ya aina hiyo, kwa kuwa ina sehemu kubwa ya bure. Nina kompyuta mpakato niliyoinunua ikiwa imetumika, yenye nafasi ya gigabaiti 256, na ninatumia bando la simu. Kazini natoka saa mbili usiku. Je, inafaa nilipe? Na kama inafaa, nianzie wapi?
Msomaji, Mwanga

JIBU: Ndugu yangu wa Mwanga, nikujibu kwanza kisha nieleze: kwa hali uliyoisimulia, mwezi huu usilipe. Sisemi kwamba gemu hizi ni mbaya, wala kwamba mtu mwenye mshahara wako hana haki ya kujiburudisha. Nasema hivyo kwa sababu unachouziwa ni siku 30 zinazokwenda upende usipende, na karibu yote unayotaka kuyajua kabla ya kulipa unaweza kuyajua bila kutoa senti.

Tuanze na ada yenyewe. World of Warcraft, ambayo kampuni ya Blizzard ya Marekani iliitoa Novemba 2004, hutozwa dola 14.99 kwa mwezi kwa bei ya Marekani. Tukiikadiria dola moja kuwa shilingi 2,600, hizo ni kama shilingi 39,000, yaani shilingi 13 katika kila 100 unazopokea, kabla hujanunua bando wala umeme wa Luku. Wapo watakaokwambia kuwa fedha hiyo ni ndogo ukiilinganisha na muda wa burudani utakaoupata, na kwa mchezaji anayekaa saa tatu kila usiku maneno yao ni ya kweli, kwa kuwa saa 90 kwa mwezi zinaishusha gharama ya saa moja hadi shilingi 430 hivi. Wewe, hata hivyo, unatoka dukani saa mbili usiku, unarudi nyumbani, unaoga na kula. Ukijihesabia kwa uaminifu utapata siku tatu kwa wiki, saa mbili kila siku. Hizo ni kama saa 25 kwa mwezi, na kila saa imepanda kuzidi shilingi 1,500. Ondoa usiku ambao umeme umekatika na betri ya kompyuta iliyokwishatumika ikakuaga katikati ya pambano. Ondoa wiki ya kuhesabu mali dukani. Ondoa misiba na harusi, ambazo kwetu hazina ratiba. Ukibaki na saa 12, kila moja imekugharimu zaidi ya shilingi 3,000. Ni sawa na kukodi mtumbwi pale Kibirizi kwa mwezi mzima: mwenye mtumbwi huhesabu siku alizokukabidhi, haulizi ulishuka ziwani mara ngapi.

Hesabu hiyo ya saa ina upande wa pili ambao wengi huugundua wakiwa wamekwishalipa. Blizzard na Square Enix, kampuni ya Japani inayomiliki Final Fantasy XIV, hawana seva, yaani kompyuta kuu zinazoendesha gemu, Afrika Mashariki, hivyo zilizo karibu nasi ni za Ulaya, na wachezaji wengi wa huko hukutana kwa mapambano ya kikundi kuanzia saa mbili usiku kwa saa zao. Majira ya joto ya kwao hiyo ni saa tatu usiku hapa Kigoma. Majira ya baridi, wanaporudisha saa zao nyuma, inakuwa saa nne. Pambano linalochukua muda wa saa tatu litakwisha saa sita au saa saba usiku, na asubuhi unasubiriwa kufungua duka. Kabla ya jambo lolote jingine, muulize kaka yako kikundi chao hukutana lini na saa ngapi. Muulize pia wahusika wao, yaani wale watu wa ndani ya gemu wanaowaongoza, wako eneo la Ulaya au la Marekani, kwa sababu World of Warcraft imegawanywa kimaeneo, na mhusika wa upande mmoja hawezi kumfikia wa upande wa pili hata kama wenye akaunti hizo ni ndugu wa damu. Nimeona watu wakilipa ada ya mwezi mzima na kugundua kosa hili siku ya pili.

Kuhusu kasi ya mtandao, hofu ya wengi ni kubwa kuliko tatizo lenyewe. Taarifa inayotoka kwenye kompyuta yako husafiri kwa mkongo hadi pwani, kisha hupita katika nyaya za chini ya bahari, kama SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy iliyofuata 2010, mpaka Ulaya, na majibu yake hurudi kwa njia ndefu vilevile. Tarajia kuchelewa kwa milisekunde 150 hadi zaidi ya 200. Katika gemu ya kufyatuliana risasi ucheleweshaji huo ungekufanya ufe kabla hujamwona adui. Katika gemu hizi tunazozizungumzia, kila pigo kuu hufuatwa na muda wa kusubiri uliopangwa na watengenezaji: kama sekunde moja na nusu katika World of Warcraft, na sekunde mbili na nusu katika Final Fantasy XIV. Kwa hiyo mtu wa Kigoma atacheza vizuri tu, hasa hiyo ya pili, ingawa katika mapambano magumu kabisa, yale ambayo watu hurudia wiki nzima, atahisi kwamba wenzake wa Ujerumani wamemtangulia kidogo.

Tatizo la kweli liko kwenye kupakua. World of Warcraft ya sasa inadai nafasi ya gigabaiti zaidi ya 100, na Final Fantasy XIV inakaribia gigabaiti 140. Kompyuta yako ina 256, na Windows pamoja na mafaili yako ya kazi yamekwishachukua sehemu. Zote mbili hazitakaa. Ukizipakua kwa bando la simu utatumia fedha ambayo ingelipa ada ya miezi kadhaa, na jambo hili peke yake limewakatisha tamaa wachezaji wengi wa mikoani. Njia ya busara ni kumwomba kaka yako anakili folda nzima ya gemu kwenye diski ya nje, akutumie kwa basi au kwa ndugu anayekuja, nawe uihamishie kwenye kompyuta yako. Programu ya kuanzishia gemu itaikagua na kupakua yale yaliyopungua tu. Baada ya hapo, kucheza kwenyewe hakuli bando sana: ni makumi ya megabaiti kwa saa, pungufu kabisa ya kutazama video. Kumbuka tu kwamba kila baada ya miezi michache huja sasisho la gigabaiti kadhaa, na siku hiyo huingii mpaka ulipakue.

Sasa tuje kwenye sehemu za bure, na hapa naomba usome taratibu, kwa kuwa ndipo uamuzi wako ulipo.

World of Warcraft hukuruhusu kucheza bila malipo mpaka mhusika wako afike ngazi ya 20. Hadi hapo huwezi kujiunga na chama cha wachezaji, huwezi kutumia soko la mnada, na dhahabu unayoweza kubeba, yaani fedha ya ndani ya gemu, ina kikomo. Ngazi 20 hazichukui muda mrefu. Mtu wa saa sita kwa wiki atazimaliza bila kukimbia. Zinatosha kukuonyesha kama kompyuta yako inaimudu gemu, kama mtandao wa Mwanga unavumilika saa tatu usiku, na kama unaipenda kazi yenyewe ya gemu hizi, ambayo kwa sehemu kubwa ni kutumwa: nenda kaue nguruwe kadhaa, chukua mzigo huu umpelekee fulani, rudi. Kuna anayeona raha katika mwendo huo na kuna anayechoka mara moja, na hakuna makala itakayokuambia wewe ni yupi. Zaidi ya hayo, tangu 2018 ada ya mwezi hukupa masimulizi yote ya nyuma bila kununua gemu yenyewe. Nyongeza mpya kabisa tu, yaani sehemu mpya ya masimulizi inayoongezwa kwenye gemu, ndiyo huuzwa kwa bei ya peke yake. Kwa anayeanza, ya nyuma yanatosha kwa muda mrefu, kwa hiyo usikubali kaka yako akuharakishe kuinunua.

Final Fantasy XIV ina historia yake. Ilitolewa 2010 ikakataliwa na wachezaji, ikazimwa Novemba 2012, kisha ikaundwa upya na kurudi Agosti 2013. Jaribio lake la bure halina kikomo cha siku, na tangu Oktoba 2023 linafika ngazi ya 70, likijumuisha gemu ya msingi na nyongeza mbili za mwanzo. Kwa mtu wa saa 25 kwa mwezi, huo ni mzigo wa miezi mingi sana. Vikwazo vyake ni vya aina nyingine: huwezi kubeba zaidi ya gili 300,000, ambayo ndiyo fedha yao, huwezi kutumia soko la wachezaji, huwezi kuingia katika chama, wala kumwandikia mwenzako ujumbe wa faragha, lakini mfumo utakupangia wenza wa mapambano wenyewe. Kazi za mikono zimo zote, uvuvi ukiwemo. Mtu aliyekulia kandokando ya Ziwa Tanganyika atacheka akiona watu wa Ulaya wakilipa dola kila mwezi wavue samaki wa kwenye kioo, lakini nakuonya kwamba uvuvi huo unanasa.

Shika jambo moja hapa kwa mikono miwili. Akaunti ya majaribio ya Final Fantasy XIV ukishaigeuza kuwa ya kulipia, hairudi tena kuwa ya bure. Ada ikiisha unabaki nje, hata kama mhusika wako ni wa ngazi ya 15. Hapo pia utalipa mara mbili, kununua gemu na kulipa mwezi, ingawa siku 30 za kwanza huja pamoja na ununuzi, na daraja la chini la ada, dola 12.99, linamtosha mtu yeyote asiyehitaji wahusika wengi. Kwa hiyo usiigeuze akaunti hiyo kwa sababu ya hamu ya usiku mmoja. Kwa upande wa kompyuta, Square Enix hutoa programu ya bure ya kupima kama mashine inaiweza gemu. Ianze hiyo kabla ya kuhangaika na gigabaiti 140.

Utaniuliza, basi, nichague ipi? Kama ungekuwa unatafuta gemu ya kucheza peke yako ningekwambia Final Fantasy XIV ya bure na tungemaliza. Lakini barua yako haisemi hivyo. Inasema kaka yako anakuita. Gemu za aina hii huishi kwa watu, na mchezaji mwenye watu wake hudumu pale ambapo mpweke huacha. Anza na ngazi 20 za World of Warcraft, katika eneo na seva alipo kaka yako, mkipigiana simu jioni mnapocheza. Ukizimaliza na bado unaitamani, chagua mwezi ambao duka limetulia, usichague Januari wala Julai shule zinapofunguliwa na foleni ya madaftari ikafika barabarani, kisha ulipe mwezi mmoja tu.

Kulipa kwenyewe si kugumu tena. Baadhi ya huduma za fedha za simu hutoa kadi ya mtandaoni ya Visa au Mastercard, na benki nyingi zitakufungulia matumizi ya intaneti kwenye kadi yako ukiomba. Weka kiasi cha ada na nyongeza kidogo kwa ajili ya makato na badiliko la bei ya dola, usizidishe. Usajili hujirudia wenyewe kila mwezi mpaka uusitishe, kwa hiyo usitishe dakika ile ile unapomaliza kulipa. Siku zako 30 zitaendelea kama kawaida. Watu wengi wanaolalamika kwamba gemu fulani imewala fedha walilipa kwa hiari mwezi wa kwanza na kwa kusahau miezi mitano iliyofuata.

Ujue pia unachobaki nacho ukiacha. Wahusika wako hutunzwa, lakini wamefungiwa mpaka ulipe tena, na vingine havitunzwi: nyumba katika Final Fantasy XIV hubomolewa mwenyewe asipoingia kwa siku 45. Kampuni nayo ikifunga seva, hakuna unachobaki nacho kabisa. City of Heroes ilizimwa Novemba 2012 ikiwa na wachezaji waliokuwa bado wanaipenda, na WildStar, iliyoanza kwa ada ya kila mwezi mwaka 2014, ikageuzwa kuwa ya bure mwaka uliofuata na kuzimwa 2018. Kwa sababu hiyo huwa siwashauri watu kulipia mwaka mzima kwa ajili ya punguzo, hasa gemu ikiwa changa.

Kama kompyuta yako itashindwa, usikate tamaa. Old School RuneScape ya kampuni ya Jagex ya Uingereza ni ndogo, inachezeka kwenye simu tangu 2018 kwa akaunti ile ile ya kompyuta, na seva zake huhesabu matendo kila baada ya sekunde 0.6, kwa hiyo umbali wetu hauiumizi sana. Ina sehemu ya bure isiyo na mwisho na uanachama wa kulipia. Na kwa mwenye saa chache kuna EVE Online ya Aisilandi, ambayo ujuzi wa rubani wako huendelea kukua hata umeme ukiwa umekatika na wewe umelala. Sehemu yake ya bure ipo tangu Novemba 2016, ingawa ada kamili, dola 19.99, ni kubwa kuliko hizo nyingine, na kila siku saa nane mchana kwa saa zetu seva huzimwa kwa matengenezo.

SWALI: Mwanangu mwandishi, mimi ni mama wa Ujiji. Kijana wangu amemaliza kidato cha nne na ananiomba fedha ya gemu kila mwezi. Anasema ni afadhali hiyo kuliko zile za bure za kwenye simu. Je, ananidanganya?
Mama, Ujiji

JIBU: Shikamoo mama. Hakudanganyi, ila hajakumalizia. Gemu nyingi zinazoitwa za bure hutengenezwa ili mchezaji ashawishike kununua vitu vidogo vidogo kila mara, na mwisho wa mwezi hakuna anayejua jumla yake. Ada ya mwezi inajulikana mapema na haiongezeki mtoto anapokasirika. Sehemu ambayo hakuitaja ni kwamba hata gemu za ada zina duka ndani yake: World of Warcraft ilianza kuuza mnyama wa kupanda kwa dola 25 mwaka 2010, na bado kuna duka hilo. Mlipie kwa kadi yenye kiasi cha ada peke yake, na usimwachie namba za kadi ya benki.

Kuhusu muda, Blizzard wana mfumo wa mzazi unaoweka kikomo cha saa za kucheza kwa siku au kwa wiki, na unafunguliwa kwa barua pepe yako wewe. Mkae naye mkubaliane saa, kisha mziweke hapo pamoja, ili gemu ndiyo imfukuze, wewe usiwe mtu wa kugonga mlango kila usiku. Kama gharama ya kila mwezi ni nzito kwa sasa, mwambie atafute Guild Wars 2. Ni ya mwaka 2012, haina ada ya mwezi, na sehemu yake ya msingi ni bure tangu 2015. Ajaribu hiyo mpaka matokeo yatoke.

SWALI: Kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp anauza akaunti ya World of Warcraft yenye mhusika wa ngazi ya juu kwa shilingi 60,000. Je, si rahisi kuliko kuanza mwanzo?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Usinunue. Masharti ya gemu hii yanakataza kuuziana akaunti, na kampuni ikigundua huifunga bila kurudisha chochote. Hata isipogundua, aliyeifungua kwanza ana barua pepe ya awali na risiti za malipo ya zamani, na kwa hivyo anaweza kuidai irudi kwake wiki moja baada ya kupokea fedha yako, kisha akamuuzia mwingine. Na mhusika wa ngazi ya juu hana siku za kucheza ndani yake. Ungelipa shilingi 60,000 na bado ungedaiwa ada ya mwezi. Dhahabu inayouzwa na watu binafsi ina hatari ile ile. Ukitaka kununua dhahabu, njia inayoruhusiwa ni tokeni ya gemu yenyewe, iliyoanzishwa 2015: mmoja huinunua kwa fedha halisi, mwingine huichukua sokoni kwa dhahabu na kupata siku 30 za kucheza. Mchezaji mpya asitegemee kujilipia ada kwa njia hiyo, kwa sababu dhahabu inayohitajika ni nyingi na atageuza mapumziko yake kuwa kibarua.